Ulinganisho wa Nyenga na Uyoga wa Mbao

Mwanamke ambaye hakuna aliyemtarajia aliingia katika Ofisi ya Ulinganisho siku ya Jumanne, saa mbili na nusu asubuhi, akiwa na beseni la plastiki kiunoni. Mlinganishi alikuwa akifuta sahani za mizani kwa kitambaa kikavu, kama alivyofanya kila siku kabla ya mteja wa kwanza. Karani wa mihuri, ambaye ofisi nzima ilimwita Wino kwa sababu vidole vyake havikuwahi kutakata tangu aajiriwe, alikuwa chini ya meza akitafuta kifuniko cha kalamu. Mgeni hakuwa na barua wala namba ya foleni. Alivaa buti za mpira, na mgongoni alikuwa amefunga ufagio mrefu kwa kamba, kama askari na bunduki yake.

"Hodi," alisema, ingawa alikwishaingia.

"Karibu, mama," mlinganishi alisema. "Weka mezani."

Ofisi hiyo ilikuwa chumba kimoja chenye sakafu ya mbao, meza mbili na kabati la faili, na mlango wa kwenda kwa mkuu wa ofisi. Ilipokea kitu chochote kilicholetwa kwa jozi. Watu walileta funguo mbili, sahihi mbili, vitambaa viwili vya pazia, kengele mbili za shule. Waliondoka na cheti chenye muhuri mmoja kati ya mitatu: SAWA, TOFAUTI au INAKARIBIANA. Juu ya dirisha palikuwa na ubao uliopakwa rangi nyeupe, umeandikwa kanuni pekee ya ofisi: Kinacholinganishwa ni kilicho mezani.

Mgeni alitoa vitu viwili kwenye beseni. Cha kwanza kilikuwa nyenga, yule samaki bapa wa baharini mwenye mkia mrefu wenye mwiba, upana wake kama sinia. Cha pili kilikuwa kipande cha nguzo ya mbao, na ubavuni mwake umeota uyoga wa kahawia, mgumu, bapa vilevile, wenye mbawa mbili na ukingo mweupe. Nyenga alikuwa hai. Uyoga pia ulikuwa hai, lakini kwa uyoga si rahisi kutambua.

"Unataka tujue nini, mama?"

"Kama ni mmoja au ni wawili."

"Macho yanasema ni wawili," Wino alisema kutoka chini ya meza.

"Macho yako yanatazama viatu," mgeni alimjibu. Kisha akamgeukia mlinganishi. "Mimi mfagiaji wa gati, pale kivuko kinapopakia. Nafagia juu asubuhi, na maji yakipwa nashuka kufagia chini, kwenye nguzo. Mwezi mzima sasa, nguzo yenye uyoga leo, kesho uyoga haupo, yupo nyenga mchangani. Keshokutwa nyenga hayupo, uyoga umerudi. Kabla ya leo sijawahi kuwaona pamoja. Leo ilibidi niwashike wote wawili, huyu mkono huu, huyu mkono huu."

Mlinganishi alisema hilo ni ombi la kawaida, akafungua fomu mpya. Fomu ilikuwa na safu saba: umbo, uzito, harufu, makao, chakula, uzazi na hatari.

Katika safu ya umbo aliandika kwamba wote wawili ni bapa, wote wawili hawana mfupa hata mmoja, na wote wawili wana sura mbili: ya juu, inayoonekana, na ya chini, ambako shughuli yote hufanyika. Nyenga macho yake yako juu na mdomo wake uko chini, kwa hiyo hajapata kukiona anachokila. Uyoga nao huficha matundu yake upande wa chini. Katika safu ya uzito aliwaweka kwenye sahani mbili za mizani. Zililingana. Kila mmoja alikuwa na kilo mbili na robo.

Alipofika safu ya harufu, nyenga alitoka kwenye sahani, akashuka hadi shibiri moja juu ya sakafu, akaanza kuzunguka chumba akipepea mapezi polepole. Sahani aliyoiacha haikupanda. Mizani iliendelea kulingana, uyoga upande mmoja, na upande wa pili hakuna kitu. Mlinganishi aliliandika hilo katika safu ya uzito, pembeni, kwa herufi ndogo.

Wino aliinua miguu, akaiweka juu ya droo iliyokuwa wazi. "Ana mwiba huyo?"

"Anao," mfagiaji alisema. "Lakini hamchomi mtu anayeburuta miguu. Ukiburuta, anakusikia, anakupisha. Humchoma anayekanyaga bila kubisha hodi."

"Basi ana adabu kuliko wateja wetu."

Kuanzia hapo kila mtu katika ofisi ile alitembea kwa kuburuta miguu, na sakafu ikang'aa kuliko ilivyokuwa imewahi kung'aa.

Safu ya makao ndiyo iliyochukua muda. Mlinganishi alikwishaandika kwamba nyenga hujizika mchangani, akaacha macho tu juu, na kwamba uyoga hujizika ndani ya mbao, na hicho kinachoonekana nje ni tunda lake tu, mwili wote uko ndani ukila. Alikuwa akitafuta neno la kumalizia sentensi. Nyenga alifika kwenye kona ya kabati la faili, akatikisa mapezi mara mbili, akazama sakafuni. Mbao zilimpokea kama mchanga mlaini. Yalibaki macho mawili, kahawia, yakitazama dari.

Mlinganishi alichukua rula ya chuma, akaisukuma kwenye ubao wa sakafu karibu na macho yale. Iliingia bila nguvu hadi sentimita kumi na mbili. Nyenga aliibuka, akajaribu mahali pengine. Katikati ya chumba, mbao zilipokuwa nzima, alijigonga na kurudi. Mbele ya mlango wa mkuu wa ofisi alizama mzimamzima, hata macho hayakuonekana, na alikaa huko kwa dakika kumi.

Mkuu alifungua mlango, akatazama chini. "Kuna nini hapa?"

"Nyenga, Mkuu. Anaingia penye mbao zilizooza tu."

Mkuu alifikiri kidogo, kisha akamwagiza Wino alete zulia kutoka ghalani. Zulia lilitandikwa. Mkuu aliliruka, akaenda zake kikaoni.

Mlinganishi hakuandika tena. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minne, mwangalifu, ambaye katika miaka tisa ya kazi hakuwahi kurudishiwa cheti hata kimoja. Aliburuta miguu hadi kwenye kabati, akatoa sanduku lenye lebo ya mwaka uliopita. Ndani yake mlikuwa na vipande viwili vya mbao. Kimoja kilikuwa mfano wa mbao mpya, kama mkataba wa kutengeneza gati ulivyotaka, na cha pili kilikatwa kwenye nguzo za gati baada ya gati kutengenezwa upya. Aliviweka sakafuni mbele ya nyenga. Nyenga alivigonga vyote viwili kwa pua, akavizunguka. Vilikuwa vizima.

"Mama," mlinganishi alisema, "ulikuwepo walipokuja kukata hiki?"

"Nilikuwepo. Nilimshikia fundi msumeno."

"Alikata wapi?"

"Juu kabisa. Kwenye kichwa cha nguzo, kule jua linakopiga." Mfagiaji alionyesha kwa mkono, juu ya kichwa chake. "Hakutaka kulowesha suruali. Nilimwambia, baba, kata hapa chini, maji yanapopanda na kushuka, ndipo nguzo inapoishi. Akaniambia, wewe fagia."

Cheti kilikuwa ndani ya sanduku, kimekunjwa mara mbili. Muhuri ulisema SAWA. Sahihi ilikuwa ya mlinganishi, safi, yenye mkia mrefu chini ya jina la kazi yake. Alikuwa amelinganisha kilichokuwa mezani.

Wino alikisoma cheti juu ya bega lake. Wote wawili walijua nani alikuwa juu ya gati ile kila siku tangu asubuhi hadi jioni.

Mlinganishi alikuwa na pacha. Walikuwa wamefanana kiasi kwamba Wino aliwahi kuomba waletwe mezani walinganishwe, na mlinganishi akamjibu kwamba ofisi haina sahani zenye upana huo. Pacha wake aliuza tiketi za kivuko. Kibanda chake kilikuwa mwisho kabisa wa gati, hatua mia moja na ishirini kutoka nchi kavu. Juu ya nguzo thelathini na sita kulikuwa na mbao, juu ya mbao kibanda, na ndani ya kibanda alikaa yeye, kwenye kigoda, nyuma ya kioo chenye tundu.

Jumatano, saa ya mapumziko, mlinganishi alimfuata. Alitembea gati yote akiburuta miguu, na abiria wawili walimpisha wakidhani anaumwa.

"Umekuja kunilinganisha na nani leo?" pacha alisema kupitia tundu la kioo.

"Toka humo, dada."

"Salamu kwanza. Hujambo? Watu wa kwako hawajambo? Mbona unatembea kama umeibiwa magoti?"

"Nguzo zimeoza."

"Nani kasema?"

"Nyenga."

"Yule wa ofisini kwenu? Nimesikia." Pacha alimpa abiria tiketi yake, akamtakia safari njema. "Ngapi?"

"Sijui bado. Kesho tunamleta apime. Lakini sitaki ukae hapa hata leo. Cheti ni changu mimi, ndicho kilichokukalisha hapo. Toka tuondoke."

Pacha hakutoka. Alinyoosha mkono kupitia tundu, akamfuta dada yake vumbi la kahawia begani, vumbi ambalo uyoga ulilimwaga tangu jana kila ulipotazamwa.

"Nikitoka leo," alisema, "kesho asubuhi mwingine atakuwa kwenye kigoda hiki. Naye ana dada."

"Huyo mwingine simjui."

"Ndiyo maana umeweza kusema hivyo."

Kivuko kilipiga honi. Mbao za gati zilitoa mlio mrefu, kama mtu anayegeuka kitandani, kisha zikanyamaza.

"Huwa zinalia hivyo kila mara?" mlinganishi aliuliza.

"Zamani kivuko kikija tu. Siku hizi hata kikiwa ng'ambo." Pacha alipanga vitabu vya tiketi, ingawa vilikuwa vimepangwa. "Jumamosi ni mashindano ya shule. Watavuka watoto mia nne, shule zote, kwa mkupuo mmoja. Mwaka jana walikuwa wanarukaruka hapa kama bisi. Hiyo siku ndiyo siitaki. Nitakuwa naisikiliza kila kelele peke yangu."

"Nitakuja tukae wote."

"Unasema tu."

"Nitakuja Jumamosi, saa mbili, kabla geti halijafunguliwa. Nitakaa mpaka mtoto wa mwisho avuke."

"Kigoda ni kimoja, mwenzangu."

"Tulishakaa mahali padogo zaidi, tena miezi tisa."

Pacha alicheka hadi abiria kwenye foleni nao wakacheka, bila kujua wanacheka nini.

Alhamisi, maji yalipokupwa, watu watano walishuka chini ya gati: mlinganishi, Wino mwenye daftari, mfagiaji mwenye beseni, mkuu wa ofisi, na mhandisi wa gati aliyekuja na kofia ngumu na viatu vipya. Chini kule palikuwa na giza la kijani na harufu ya mbao mbichi. Uyoga ulikuwa umeota kwenye nguzo kwa safu, mbawa zimekunjuliwa, kila mmoja kwa urefu uleule, pale maji yanapopanda na kushuka. Mtu angesema kundi la nyenga limebandikwa hapo likauke.

Mfagiaji aliinamisha beseni. Nyenga alitoka, akaelea juu ya mchanga uliolowa, akaanza na nguzo ya kwanza. Aliingia upande huu akatokea upande ule, bila kupunguza mwendo. Wino alipiga mstari kwenye daftari. Nguzo ya pili aliipita vivyo hivyo. Ya tatu vivyo hivyo. Ya sita ilimgonga. Alirudi nyuma, akaizunguka. Mhandisi alikohoa akasema, "Hiyo nzuri."

Ilikuwa kazi ya nusu saa. Juu ya vichwa vyao nyayo za abiria zilipita, na kila zilipopita vumbi la kahawia lilishuka, jepesi, likatua kwenye kofia ya mhandisi na mabegani mwa mkuu. Chini ya kibanda cha tiketi palikuwa na nguzo nne. Nyenga aliingia katika ya kwanza, akapita. Akaingia katika ya pili na ya tatu, akapita. Katika ya nne aliingia, hakutoka. Walimsubiri. Baadaye macho yake yalijitokeza kwenye ubavu wa nguzo, urefu wa kifua cha mtu, yakawatazama mmoja mmoja, kisha yakafumba.

"Thelathini na moja," Wino alisema. "Kati ya thelathini na sita."

Mkuu alipangusa vumbi mabegani. Maji yalikuwa yanaanza kurudi, yanalamba visigino.

"Nyenga huyu amesajiliwa?" mhandisi aliuliza.

"Wapi?" mlinganishi alisema.

"Kama kipimo. Kila kipimo lazima kisajiliwe. Mimi siwezi kufunga gati kwa kipimo ambacho hakijasajiliwa."

"Bwana mhandisi, chukua bisibisi yako uchome mwenyewe."

Mhandisi alitoa bisibisi mfukoni. Aliitazama nguzo iliyokuwa mbele yake, akaitazama bisibisi, akairudisha mfukoni. "Nikichoma," alisema kwa upole, "nitakuwa nimejua."

Mlinganishi alimgeukia mkuu wake. "Mkuu, cheti ni changu. Nilikosea. Nililinganisha kichwa cha nguzo nikaandika nguzo. Nipe ruhusa nikifute leo hii."

"Hukukosea," mkuu alisema. Hakuwa mtu mkali. Ndiye aliyemchangia mlinganishi pesa za kitanda cha hospitali mama yake alipolazwa, na alimwamini kuliko watumishi wote. "Kanuni inasema kilicho mezani. Wewe ulifuata kanuni. Ukisema umekosea, utakuwa umeikosea kanuni, na hapo ndipo utakapokuwa umekosea. Cheti kinasema sawa. Nguzo zinaweza kuoza, ndiyo maumbile yake. Cheti hakiozi."

"Dada yangu yuko juu yetu hapa."

"Namfahamu. Msalimie."

Iliamuliwa palepale, watu wote wamesimama majini, kwamba nguzo zipakwe rangi ya bluu kabla ya Jumamosi, kwa kuwa wageni wa mashindano wangependa kuona gati iliyotunzwa. Iliamuliwa pia kwamba nyenga asirudishwe ofisini kwa sababu anachakaza sakafu. Na kwa kuwa maneno yalikwishaanza mjini, mkuu alisema cheti cha gati kitatolewa upya, chenye tarehe mpya, na mlinganishi atakitia sahihi Jumamosi saa mbili asubuhi mbele yake na mhandisi. Kama hataona vyema kusaini, aache ufunguo wa ofisi mezani.

Walipopanda ngazi, mfagiaji alibaki nyuma na beseni tupu. "Na changu?" aliuliza. "Mimi nilileta jozi. Bado sijapewa cheti."

"Kesho, mama," mlinganishi alisema. "Chako kesho."

Ijumaa alimaliza fomu. Safu ya chakula: nyenga hula vilivyojificha mchangani chini yake; uyoga hula kile unachokikalia. Safu ya uzazi: nyenga huzaa watoto walio hai, wachache, uyoga hutoa vumbi, lisilohesabika, na linakwenda upepo unakokwenda. Katika safu ya hatari alikaa muda mrefu. Dirishani alisikia wapaka rangi wakipita na ndoo zao, wakitaniana kuhusu mpira. Hatimaye aliandika hivi:

Nyenga hujificha kwa sababu anaogopa. Ukimkanyaga anakuchoma mara moja, ukajua umechomwa, akaondoka. Uyoga haujifichi. Ulijitokeza nje ya nguzo, mahali pa wazi, kwa mwezi mzima, kila aliyeshuka auone. Waliouficha ni watu.

Alimwomba Wino muhuri wa TOFAUTI. Wino alisoma ukurasa mzima kwanza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, kisha akaugonga muhuri kwa nguvu hadi wino ukaruka kwenye shati lake.

"Shika huu," mlinganishi alisema, akampa ufunguo.

"Leo Ijumaa, dada. Wa nini?"

"Kesho saa mbili uweke mezani kwa mkuu. Mimi nitakuwa gatini."

"Dada, miaka tisa hiyo." Wino aliushika ufunguo kwa ncha za vidole, kama kitu cha moto. "Kaa kwenye kiti chako. Saini, kisha nenda gatini. Ni hatua chache tu. Utafika saa mbili na nusu."

"Nilimwambia saa mbili."

"Nusu saa tu!"

"Nikisaini, nitakwenda kukaa naye nikiwa na cheti gani moyoni?"

Wino aliutia ufunguo mfukoni. Alifungua droo, akatafuta kitu ambacho hakikuwamo, akaifunga.

Mfagiaji alikuja saa kumi, akapokea cheti kwa mikono miwili, akakisoma akisogeza midomo. Jioni hiyohiyo alikibandika kwenye geti la gati kwa gundi ya unga, palepale abiria wanapopanga foleni. Mlinzi wa geti aliuliza kina muhuri, akaonyeshwa, akasema basi ni halali. Watu walisimama kukisoma. Mwalimu mmoja aliwasomea kwa sauti waliosahau miwani. Wote walikubaliana kwamba kimeandikwa vizuri, na kwamba siku hizi ni nadra kupata mtumishi anayeandika Kiswahili kizuri namna hiyo. Kisha wakakata tiketi, wakavuka.

Jumamosi, saa mbili kasoro dakika kumi, mlinganishi alifika getini amevaa nguo zake za kazi. Watoto walikwishajipanga, mistari kwa mistari, soksi zimevutwa hadi magotini, namba za mashindano zimebanwa vifuani kwa pini. Mfagiaji alikuwa akitembea kati ya mistari na ufagio wake.

"Burutani miguu, wanangu. Hakuna kuruka. Tunaburuta, tunaburuta kama tunang'arisha nyumba ya bibi arusi."

"Kwa nini?" waliuliza.

"Kuna nyenga."

Hilo liliwatosha. Walijaribu pale pale, mia nne, na vumbi likapanda.

Mlinzi alimfungulia mlinganishi kijilango cha pembeni kwa kuwa alidhani ni pacha wake aliyechelewa. Hakumsahihisha. Alitembea peke yake juu ya gati. Rangi ilikuwa ya bluu, nzuri, bado inanata kidogo kwenye vidole, na ilikuwa imepakwa kila mahali, kwenye mbao, kwenye vizuizi, kwenye nguzo hadi chini. Uyoga ulikuwa umeipasua rangi usiku. Ulitokeza tena kutoka kila nguzo, sasa wenyewe ukiwa wa bluu, na kingo zake zilipanda na kushuka polepole, kama mapezi ya kitu kinachongoja bila haraka. Aliona mmoja kwenye kizuizi cha mkono. Aliona mwingine kwenye mwimo wa kibanda, mdogo, ukubwa wa sikio.

Katika hatua ya themanini ubao ulibonyea chini ya kiatu chake, ukashika. Alisimama hapo muda wa kupumua mara moja. Nyuma yake, mbali, saa ya ofisi ya bandari iligonga saa mbili. Alijua kwamba wakati ule Wino alikuwa anavuka zulia na ufunguo mkononi. Aliendelea kutembea.

Pacha alikuwa nyuma ya kioo, vitabu vinne vya tiketi mbele yake, uso wake umekauka kwa kutolala.

"Nilijua hutakuja," alisema.

"Nimekuja."

"Umewaambiaje kazini?"

"Sina kazi. Fungua mlango."

Pacha aliondoa komeo. Kibanda kilikuwa kidogo kiasi kwamba mtu wa pili akiingia, mlango haufungi. Mlinganishi aliuacha wazi. Kutoka pale aliweza kuona maji kati ya mbao, na chini ya maji, pale nguzo ya nne ilipokuwa, macho mawili ya kahawia yaliyofumbuliwa.

"Yupo?" pacha aliuliza.

"Yupo."

"Anafanya nini?"

"Anatazama tu."

Kwenye geti mlinzi alipuliza filimbi. Mistari ilianza kusogea, na sauti ya miguu mia nane ikiburutwa ikaja juu ya mbao kama mvua inayotoka mbali. Gati ilishuka kidogo, labda upana wa kidole, ikatulia. Hakuna aliyepiga kelele. Kivuko kilikuwa bado katikati ya njia, kikija.

"Sogea basi," mlinganishi alisema.

Pacha alisogea. Walikaa kila mtu kwenye nusu yake ya kigoda, bega kwa bega, wakagawana vitabu vya tiketi viwili viwili. Mtoto wa kwanza alipofika kwenye tundu la kioo akaona nyuso mbili zilizo sawa, hakujua anyooshe mkono wenye nauli kwa nani, na mlinganishi ndiye aliyempokea.